Risasi Tano Chini ya Sarafu Moja

Verlin Tackett alikuwa na vidole vitano mkono wa kulia, ila vilivyokubali kutumwa ni viwili tu, na kimoja kati ya hivyo viwili kilitumwa kwa kubembelezwa. Vile vitatu vilipondwa na jiwe lililoporomoka kutoka dari ya mgodi alipokuwa na miaka thelathini na nne. Alifunga bandeji, akapona nusunusu, akarudi kuchimba. Mapafu nayo yalikuwa yamejaa vumbi la makaa ya mawe, vumbi la miaka ishirini na nane, na daktari wa mjini alimwambia bila kuzunguka kwamba halitoki. Sasa ana miaka sabini na moja, na popote aendapo ana chupa ya oksijeni begani na mpira mwembamba puani. Kama kuna mtu katika bonde la Rockhouse aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kibarazani na kahawa yake, akawaachia wenye pumzi mambo ya wenye pumzi, ni yeye.

Ila Agosti ilikuwa mlangoni. Jumamosi ya tatu ya Agosti hufunguliwa msimu wa kindi, na tangu alipokuwa na miaka tisa Verlin hakuwahi kuikosa siku hiyo, ukiacha ule mwaka wa jiwe. Hupanda Mgongo wa Mihikori, mlima wa miti ya njugu ngumu, huketi chini ya mti uleule uliopasuliwa na radi, na mwanga ukianza kuingia, vipande vya maganda ya njugu huanza kumdondokea kofiani, ndipo ajue kindi wako kazini huko juu. Hurudi na wanne, mara nyingine watano. Mkewe Lorene huwakaanga, kisha kwenye kikaango kilekile hupika mchuzi mzito wa unga na maziwa, na wakala na mikate midogo ya moto mpaka wakatafuta mahali pa kulala. Kwa Verlin mwaka ulianzia hapo. Januari ilikuwa ya watu wenye kalenda.

Mwaka uliopita alirudi mikono mitupu. Kupanda tu kulimla saa mbili na nusu, maana njia ya malori ya magogo, ambayo zamani ingemfikisha karibu na kilele kwa gari, ilikuwa imechukuliwa na mafuriko. Hata hivyo alifika. Alikaa chini ya mti wake, na kindi mnene akashuka mpaka mahali ambapo mtoto angempata kwa jiwe. Bunduki ya Verlin ilikuwa ya marehemu baba yake, ya risasi moja. Unaingiza risasi kwa kidole, unafunga komeo, kisha unashika kirungu kidogo cha nyuma na kukivuta mpaka kilie, ndipo iwe tayari. Verlin alikivuta, vidole vikateleza. Akakivuta tena, vikateleza tena. Kindi alimtazama, akamaliza njugu yake, akaondoka bila haraka.

Basi Verlin akailaumu bunduki. Mwaka mzima wimbo ulikuwa huohuo, kirungu hiki, kirungu hiki. Zile saa mbili na nusu za kupanda hakumtajia mtu. Na mimi namwelewa, ingawa inaniudhi kumwelewa: bunduki unaweza kuibadilisha, lakini mapafu hayauzwi kwenye duka la Dewey Ratliff.

Alichohitaji ni bunduki inayojijazia yenyewe, ile ambayo ukifyatua, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia mahali pake bila kidole cha mtu. Hapo palikuwa na aibu yake. Kwa miaka arobaini Verlin alizisema bunduki hizo vibaya mbele ya kila mwenye masikio. Alisema ni za watu wanaopanga kukosa. Ya Estill Combs, jirani yake, aliiita cherehani, na jina likaganda, hata watoto wa Estill wakawa wanasema baba ametoka na cherehani.

Wiki mbili kabla ya msimu, asubuhi, alianza kupakia pikapu. Lorene alisimama mlangoni na bakuli la maharage mabichi akimtazama.

"Unakwenda kufanya nini kwa Dewey?"

"Kuangalia tu."

"Mtu aliyepakia bunduki mbili, msumeno wa injini na mashine ya kutoboa mashimo ya nguzo haendi kuangalia tu, Verlin."

"Basi nakwenda kuangalia nikiwa nimejiandaa."

"Na hiyo ya baba yako inakwenda kuangalia nini?"

Verlin akafunga mlango wa nyuma wa pikapu. Lorene akachukua bakuli lake, akakaa kwenye usukani, kwa sababu siku hizi yeye ndiye aliyeendesha. Walipofika aliegesha mbele ya kioo cha duka, akabaki garini akitoa nyuzi za maharage. Alisema humo dukani kunanuka chambo na uongo.

Dewey Ratliff alikuwa na umri wa kuzaliwa na Verlin, kijana mpana mwenye sauti ya upole, aliyelirithi duka kwa mama yake. Alipomwona mzee anaingia na chupa yake ya oksijeni, alitoka nyuma ya kaunta kumshikia mlango. Estill Combs alikuwa kwenye benchi kando ya jokofu, akimimina karanga ndani ya chupa yake ya soda kama kawaida yake.

"Karibu, Mjomba Verlin," Dewey alisema. "Leo nikupe nini?"

Verlin alitazama dari, akatazama sakafu. "Nataka bunduki ya kujijazia. Ya zile risasi ndogo, ishirini na mbili. Lakini nzuri. Sitaki takataka."

Estill aliacha kumimina karanga. Aliiweka chupa chini taratibu, maana furaha kama ile mtu haiharakishi.

"Dewey," alisema hatimaye, "hebu rudia alichosema huyo bwana. Sikio langu hili la kushoto limezeeka."

"Umesikia," Verlin alisema.

"Nimesikia mtu anataka cherehani."

"Nataka cherehani inayoshona vizuri kuliko yako. Hiyo si kazi kubwa."

Dewey alipanga tatu juu ya kaunta, juu ya kitambaa, na Verlin akaanza kuchagua. Hapo ungemsahau mgonjwa. Alizichukua moja moja kwa mkono wa kushoto. Alichungulia ndani ya kila mtutu dhidi ya mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye mdomo wake kutafuta kovu, akachomeka magazini, kile kisanduku cha risasi, na kuitikisa asikilize kama inacheza. Ile ya kwanza, yenye kitako cha plastiki, aliirudisha haraka. Kifyatulio chake kilikwaruza kama mlango wa banda. Zilibaki mbili.

Moja ilikuwa nyepesi, ratili nne na nusu. Mtutu wake ulikuwa wa chuma chembamba kilichovikwa nyuzi za kaboni, kitu cha kisasa, na ukiishika unadhani hujamaliza kupewa. Nyingine ilikuwa ya mti wa jozi na chuma tupu, mtutu mnene mwanzo hadi mwisho, na kifyatulio kilichokatika safi bila kuonya wala kusuasua. Pamoja na darubini yake ilifika ratili nane na ushee. Dewey alizipima zote mbili kwenye mizani ya samaki, bila kuombwa, na alisema hesabu kwa sauti.

"Hii nyepesi ndiyo yako, Mjomba. Mtu anayepanda mlima..."

"Nitaijua iliyo yangu zikipigwa."

Nyuma ya duka palikuwa na meza, mifuko ya mchanga, na ukingo wa udongo mwekundu yadi hamsini mbele. Verlin alikaa, akaweka chupa ya oksijeni miguuni, akatoa risasi zake mfukoni. Zilikuwa za polepole, zile za sauti ndogo alizotumia maisha yake yote, na bunduki ya kwanza kuzila ilipiga moja ikakwama. Ganda halikutoka hata nusu.

"Hizi hazina nguvu ya kulisukuma komeo," Dewey alisema. "Bunduki ya baba yako ulikuwa unaifanyia kazi wewe. Hii inajifanyia, kwa hiyo inataka chakula cha mtu wa kazi."

Alileta maboksi manne ya aina mbalimbali. Kila mtu Rockhouse anajua kwamba bunduki ndogo ndiyo huchagua risasi yake, si mwenye nayo, na mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kukataa kula sahani moja. Kwa hiyo walijaribu, tano za boksi hili, tano za lile, kwa muda wa saa nzima, na Estill alitoka na chupa yake kutazama kwa sababu hata chuki ina mipaka. Verlin alipiga kwa kidole cha pili cha mkono wa kulia, kile cha kubembelezwa. Pumzi haikumpa shida. Alikuwa amekaa.

Karatasi zilipoletwa mezani alitoa sarafu ya senti kumi, ile ndogo kuliko zote, akaiweka juu ya matundu. Hiki ndicho kipimo chake na kilikuwa cha baba yake. Ile nyepesi, kwa risasi ilizozipenda zaidi, iliweka nne chini ya sarafu na moja nje, upana wa ukucha. Ile nzito iliweka zote tano chini ya sarafu. Alipoinua sarafu palikuwa na tundu moja lenye kingo za kuchanika. Akairudia, na ikafanya vilevile.

"Upana wa ukucha, Mjomba," Dewey alisema. "Hakuna kindi atakayelalamika."

"Hiyo moja ya nje ni kindi aliyepigwa tumboni. Unajua Lorene hupika nini na kindi aliyepigwa tumboni? Hapiki."

"Lakini uzito."

"Nimebeba nguzo za mgodi, kijana."

"Lini?" aliuliza Estill, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anatania.

Verlin aliinamia meza. Alikuwa anaitazama ile karatasi yenye tundu moja. Tangu mwaka jana hakuwa ameona kitu kizuri kilichotoka mikononi mwake, na hiki kilikuwa kizuri kupita kiasi. Ningetaka kusema kwamba alipima, akafikiri. Alipenda tu.

Walirudi ndani kufanya biashara, na kule watu hawanunui kama wanaweza kubadilishana. Msumeno uliingia, ile mashine ya nguzo ikaingia, bunduki kubwa ya kuwindia bata ikaingia, na noti kadhaa zilizokunjwa. Dewey akasema inatosha. Ndipo Verlin akaiweka na ile ya baba yake juu ya kaunta.

"Hiyo rudi nayo, Mjomba. Tumeshamalizana."

"Hatujamalizana. Hiyo mpya ina thamani kubwa kuliko hayo makorokoro, na wewe unajua. Sitaki mtu aseme Verlin Tackett alihurumiwa."

"Nani atasema?"

"Huyu hapa," Verlin alisema, akimwonyesha Estill kwa kidevu. "Na kirungu chake sikiwezi tena. Itakaa ukutani kunicheka. Chukua."

Dewey aliigeuza. Kitako chake kilikuwa kimelika mahali pa shavu la watu wawili, baba na mwana. Kisha alinyoosha mkono, Verlin akanyoosha wake mbovu, wakashikana. Mambo yakaisha hapo. Katika bonde lile mikono ikishashikana hakuna kurudishiana, hata kitu kikifa njiani kabla hujafika nyumbani. Mtu anayerudi kuomba chake hukaa na jina hilo mpaka kaburini.

Na hakuna aliyeishika sheria hiyo kuliko Verlin. Kaka yake, Hobert, aliwahi kubadilishana naye kijibwa cha kuwindia kindi, jike dogo la madoa jina lake Biddy, kwa mashine ya kuchomelea vyuma. Siku ya tatu Hobert alirudi. Alisimama getini, kofia mkononi, na mashine nyuma ya gari, akasema binti yake mdogo halali wala hali kwa ajili ya yule mbwa, na kama Verlin angekubali, angemwongezea na jiko la kuni juu yake. Verlin alimwambia, "Tulishikana mikono, Hobert." Hakusema kwa ukali. Hobert akavaa kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo ndugu hao wawili walisalimiana kwenye mazishi tu. Miaka tisa baadaye vumbi lilimmaliza Hobert. Lorene ndiye aliyekwenda kuwasaidia kumvisha. Verlin alilifikiria jambo lile mara nyingi, na kila mara alifika palepale: sheria ni sheria, na kama si sheria, basi alimfanyia nini ndugu yake.

Jumamosi ya msimu ilipofika Verlin alitoka alfajiri, mwanga ukiwa tayari kwenye nyasi, kwa sababu giza sasa lilikuwa linamwangusha. Chupa ya oksijeni ilikuwa na uzito wa ratili sita. Bunduki ilikuwa na nane. Alikwisha kuzijaribu pamoja pale kibarazani, akijua Lorene amekwenda kanisani, na goti lilikunjika kwenye ngazi ya pili. Kwa hiyo akavua mpira puani, akaitundika chupa kwenye msumari wa mlangoni palipokuwa panatundikwa kofia, akaitwaa bunduki.

Mwanzoni alipanga kupumzika kila baada ya hatua thelathini. Ikawa ishirini. Alipovuka kijito ikawa tisa, na akaanza kuibadilisha bunduki bega hili na lile, kisha akaibeba mikononi kama mtu aliyebeba kuni. Mtutu ule mnene aliousifia mezani ulivuta chini kila alipoinama. Alifika mahali ile njia ya zamani ya malori ilipokuwa inakatiza, theluthi ya mlima, penye kisiki cha mti mkubwa. Akakaa kwenye kisiki. Alijiambia ni dakika tano.

Juu yake, mbali, alisikia vipande vya maganda vikidondoka juu ya majani. Kwanza kimoja, kisha kama manyunyu. Walikuwa wengi, wengi kuliko miaka mingi iliyopita, na walikuwa katika miti yake. Magotini alikuwa na risasi kumi ndani ya bunduki bora kuliko zote zilizowahi kuingia Rockhouse, imekula chakula inachokipenda, na kidole chake kilikuwa kizima siku hiyo. Alisubiri pengine mmoja atashuka. Hawakuwa na haja ya kushuka. Midomo yake ikaanza kufa ganzi na miti ikaanza kuwa na vivuli viwiliviwili, na bado alisubiri.

Lorene alikuja akipanda na viatu vyake vya bustanini, chupa begani, uso umemwiva. Ana miaka sitini na nane na nyonga mbovu. Alimwekea mpira puani, akafungua hewa, akasubiri mpaka akaiona rangi ikirudi.

"Ulisahau kitu," alisema.

Walikaa wote wawili kwenye kisiki. Juu maganda yaliendelea kudondoka.

"Wanakula," Verlin alisema. "Unawasikia?"

"Nawasikia."

"Ningechukua ile nyepesi. Dewey aliniambia. Ratili tatu na nusu, Lorene, hiyo ni tofauti. Ningekuwa na ile nyepesi ningekuwa..."

"Verlin." Alimwekea mkono juu ya ule mkono mbovu. "Hata ungebeba fimbo."

Hapo alilia. Mtu mwingine angeficha, na yeye mwenyewe zamani angeficha, ila hewa haikutosha kulia na kuficha kwa pamoja. Alikuwa amelijua jambo hili tangu mwaka jana, tangu zile saa mbili na nusu. Walishuka kwa kukaa na kusimama, bunduki kaibeba Lorene, na ilikuwa karibu na adhuhuri walipoliona paa la nyumba. Usiku ule walikula maharage na mkate wa mahindi.

Jumapili na Jumatatu Verlin alikaa kwenye kiti chake akitazama ukuta. Juu ya mlango kulikuwa na misumari miwili mirefu iliyopigwa na baba yake, na kati yake mbao zilikuwa na rangi ya zamani, safi, umbo la bunduki. Ile mpya haikukaa kwenye misumari hiyo. Mtutu ulikuwa mnene mno. Jumanne asubuhi, bado anatazama, alisema, "Kama sipandi tena, sihitaji inayojijazia. Nataka ile ya baba irudi ukutani."

Lorene aliweka kikombe chini taratibu. Yeye aliolewa ndani ya bonde lile. Alijua mumewe anasema nini, na kinamgharimu nini kukisema. Hakumkumbusha chochote. Alichukua funguo za gari.

Aliegesha palepale mbele ya kioo. Verlin aliingia peke yake na ile bunduki nzito chini ya kwapa. Benchi la Estill lilikuwa tupu. Dewey alimtazama mzee, akaitazama bunduki, na kabla hajaulizwa kitu aliinama chini ya kaunta akatoa kitu kilichofungwa kwa shati la flana. Alikifungua. Alikuwa ameipaka mafuta.

"Sikuiweka rafuni, Mjomba," alisema. "Nilijua tu."

"Ulijua nini?"

"Nilijua utaitaka. Chukua. Hata hiyo nyingine kaa nayo mpaka tupange. Hakuna mtu humu, ni mimi na wewe."

Aliisukuma mbele ya kaunta, kitako kikamwelekea Verlin, pale palipolika. Verlin aliinua mkono. Ulifika nusu ya njia. Alikuwa amekuja kwa ajili ya hilo tu. Njiani alikuwa amekwisha kuyapanga maneno. Lakini alichokiona ni Hobert amesimama getini, kofia mkononi, naye alikuwa ameomba kwa adabu kuliko Verlin alivyokuwa tayari kuomba, na hakuwa ameombea ukuta, alimwombea mtoto. Kama kitu kinaweza kurudi kirahisi hivi, kwa kusukumwa tu juu ya kaunta na mtu mpole, basi kiliweza kurudi hata siku ile.

Akaushusha mkono.

"Tulishikana mikono," alisema.

"Mjomba, duka ni langu. Nikisema irudi, inarudi. Basi tusiite kurudishiana. Nakupa zawadi."

"Nimekuja kununua risasi."

Dewey alimtazama. "Risasi."

"Zile inazozipenda hii. Boksi moja."

"Mjomba Verlin. Tafadhali."

"Boksi moja, Dewey."

Dewey aligeuka kwenye rafu, na ilimchukua muda kulipata boksi ingawa lilikuwa mbele ya macho yake. Verlin alilipa, akalitia mfukoni. Alifika mlangoni akapumzika, akaufungua mwenyewe.

Ndani ya gari aliiweka bunduki nzito katikati ya viti na kuifunga chupa kwa mkanda. Lorene alikuwa na mikono kwenye usukani.

"Hanayo?" aliuliza.

"Amekwisha kuiuza."

"Kwa nani?"

"Mtu fulani kutoka jimbo la Ohio."

Mbele yao, nyuma ya kioo, Dewey Ratliff alikuwa bado amesimama palepale kwenye kaunta na bunduki ya marehemu mzee Tackett mikononi, hajaifunga hata kwa lile shati. Lorene alimtazama Dewey. Dewey aliwatazama. Verlin alitazama magoti yake.

"Watu wa Ohio," Lorene alisema mwishowe, "hawaachi kitu."

Akatia gia. Verlin alilitoa boksi mfukoni, akalishika kwa mikono miwili, risasi hamsini, za kumtosha misimu kumi, na Lorene akaendesha polepole ili chupa isigongegonge.